Kisimamio cha Mwanasesere wa Bi Zuhura

Vijana wa karakana, siku niliyorudisha ufunguo mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nimekaa barazani kwangu na kalamu, na jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba sina wasifu wa kutisha watu. Mtu akisema alikuwa daktari, au karani wa bandarini, wenzake hunyamaza wamsikilize. Mimi nikisema nilikuwa natengeneza visimamio vya wanasesere, huulizwa, "Sawa, na kazi yako hasa ilikuwa ipi?" Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu hasa. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa karakanani kwetu vilikuwa viwili tu: Fundi, na Athumani.

Nilifika Dar es Salaam kutoka upande wa Lindi katika miaka ya hamsini, nikijua kupiga randa kidogo na kujisifu sana. Nilipata kazi kwa Fundi Anaeli, Mchaga mmoja mrefu aliyekuwa na karakana nyuma ya duka la nguo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Fundi aliimba kwaya kanisani, na alikuwa akiimba tenzi huku akipasua mbao. Msumeno ukikwama, na wimbo unakwama. Nikisikia kimya tu, nilijua nichukue mafuta nikamsaidie.

Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unajua kusimamisha?"

"Kusimamisha nini?"

Alitoa rafuni mwanasesere wa Kizungu mwenye nywele za manjano, akaniwekea mezani. "Huyu hapa. Msimamishe."

Nilimsimamisha, akaanguka kifudifudi. Nikamsimamisha tena, akaanguka chali. Mwishowe nikamwegemeza kwenye kopo la gundi, nikarudi nyuma hatua chache niutazame ushindi wangu. Fundi akaja, akaliondoa kopo, na yule mwanasesere akalala.

"Umemwegemeza," Fundi alisema. "Hata mlevi huegemezwa. Mimi nimekwambia umsimamishe."

Shughuli yenyewe ilikuwa imeanza kwa ajali. Mama mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akikusanya wanasesere kutoka kila bandari aliyopita, alimwita Fundi kutengeneza mlango wa kabati. Fundi alipoufungua tu, mwanasesere mmoja mwenye kofia ya ajabu alidondoka akapasuka kichwa. Yule mama alilia machozi ya kweli. Fundi hakuwahi kumwona mtu mzima akimlilia mwanasesere, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Alirudi karakanani akashinda anakuna kidevu, na alipokwenda tena kwa yule mama alibeba kibao, spoki ya baiskeli na pete ya waya. Mama akaagiza vya kabati zima. Akawaambia wenzake, wenzake wakawaambia wenye maduka ya mjini, na vitanda tulivyokuwa tumeanza kuvitengeneza vikawa vinangoja zamu yao kwa huzuni.

Kwa wale mnaopenda kujua mambo ya mikono: kisimamio kilikuwa na kibao chini, nguzo katikati, na pete juu ya kumkumbatia mwanasesere kiunoni. Kibao kilitoka kwenye masalia ya mninga. Nguzo ilikuwa spoki, ambazo tulizipata kwa mafundi baiskeli wa Msimbazi. Waya mpya wa dukani ulikuwa mwepesi kukunjwa na mwepesi wa kujikunjua, lakini spoki iliyokwisha kubeba mtu mzima na gunia la mkaa imekomaa, haikuchezei. Tuliikunja kwa koleo, tukapiga tupa ncha zake zisichane nguo, tukaivika pete utepe wa kitambaa isije ikaacha kutu. Kisha kibao kilipigwa msasa na vanishi. Mwisho wa yote Fundi alikiweka sakafuni akakikanyaga, na kikitikisika kilirudi kwangu.

Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia hata tukiwa tunakula: kisimamio kizuri hakionekani. "Watu wakisifu kisimamio," alisema, "ujue umemwibia mwanasesere." Kwa hiyo nguzo ilikaa mgongoni siku zote, imejificha nyuma ya gauni. Sheria hiyo ilitufaa kwa Wazungu, kwa Wahindi na kwa Wagoa. Kwa Bi Zuhura ilituumbua.

Bi Zuhura alikaa mitaa michache kutoka kwetu, katika nyumba ya Kiswahili yenye baraza na dirisha kubwa linalotazama barabara. Alikuwa mkusanyaji wa wanasesere kuliko hata yule mama wa Kizungu, ila hakuna aliyempa jina hilo. Kila kanga mpya iliyompendeza, alinunua doti ya kuvaa yeye, na nyingine akaikata kumshonea mwanasesere wa kuivaa. Aliwashona mwenyewe, akawajaza sufi, akawatilia macho ya vifungo vya koti. Walikuwa na kimo cha mtoto aliyeanza kutembea, na makalio makubwa kupita kiasi. Makalio hayo yalikuwa na sababu: bila nafasi ya kutosha huko nyuma, jina la kanga lisingeenea. Na kwa sababu hiyohiyo kila mmoja wao alikuwa akianguka chali.

Mwaka mmoja mumewe alifariki, naye akaingia eda. Alituita. Tulikalishwa ukumbini, yeye akiwa chumbani nyuma ya pazia, maana katika eda hakutakiwa kuonana na wanaume wa nje, wala kujipamba, wala kutoka. Hatukumwona. Tulichokiona ni mkono mmoja uliopita chini ya pazia ukimsukuma mwanasesere mwenye kanga ya maua ya korosho.

"Bwana Fundi," sauti ilisema, "nataka mwanangu huyu asimame dirishani, hata upepo ukivuma asianguke."

"Atasimama, mama. Na pole sana kwa msiba."

"Tumeshapoa. Huyu atatoka badala yangu. Mimi nimezuiwa kutoka na kupendeza, basi apendeze yeye, akasimame mbele ya Mwanahawa."

Bi Mwanahawa alikaa nyumba ya ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha. Walikuwa mashoga tangu usichana, wakicheza ngoma kundi moja na kushona sare pamoja. Kisha ikaja harusi ya binti wa Bi Mwanahawa. Bi Zuhura alipita dukani mbiombio, akasema, "Nipe ile ya korosho," akajifunga, akakimbilia harusini. Kwa bahati mbaya ile ya korosho ilitoka kwa majina mawili. Moja lilikuwa la upole. La pili sitaliandika hapa, kwa sababu wajukuu zangu wamejua kusoma. Bi Zuhura alipogeuka kwenda kupakua wali, ukumbi mzima ulimsoma.

Aliapa kwamba hakulitazama jina. Kariakoo nzima hakuna aliyemwamini, maana nani amewahi kumsikia mwanamke aliyenunua kanga bila kusoma jina? Ni sawa na kuoa bila kuuliza mke ni nani. Tangu siku ile Bi Mwanahawa hakumsemesha. Msibani alikuja, kwa kuwa msiba ni msiba, lakini alikaa pembeni kabisa na kuondoka bila kumpa mkono mfiwa.

"Huyu amevaa lile jina la upole," Bi Zuhura alisema. "*Nimekosa mwenzangu, nipokee.* Kwa kanga nilimuudhi, na kwa kanga nitamtaka radhi. Mtu wa kati simtaki. Na nyinyi msimwambie kwa midomo yenu, maana hapo itakuwa radhi ya mafundi, siyo yangu."

"Hatutasema," Fundi alijibu.

"Basi fanyeni haraka. Nasikia wanahamia Buguruni, mwanawe amejenga. Eda yangu haijaisha, na akihama hivi, Bwana Fundi, nitatoka humu ndani nikute dirisha tupu. Nitaomba radhi kwa nani, kwa mbao?"

Aliisema kwa kicheko, lakini nilimwona Fundi ameinamisha kichwa. Mimi nikamchukua yule mwanasesere, tukaondoka.

Tuliifanya kazi ile kwa moyo wote, na hapo ndipo tulipoharibu. Kwa kuwa mwanasesere alikuwa akianguka chali, Fundi alimtengenezea nguzo ya nguvu, ubao mpana wa mninga uliomshika kuanzia shingoni hadi visiginoni. Tukampeleka, tukamsimamisha dirishani, uso barabarani, kama tulivyozoea kuwapanga katika madirisha ya maduka ya mjini. Mimi, mtoto wa pwani, nilikuwapo. Nilishika nyundo, nikarudi nyuma, nikasema, "Fundi, hapo umemaliza." Bi Zuhura hakukanyaga chumba kile cha mbele, kwa sababu kilionekana barabarani. Jamaa aliyekuwa akimpikia alimwambia kwamba mwanasesere amesimama, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Haikupita siku nyingi, Bi Mwanahawa akatundika mkeka dirishani kwake. Kisha akatuingilia karakanani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, ila sikuja kuamkiwa. Nyinyi ndio mliomsimamisha yule shetani pale dirishani?"

"Ndiyo, mama," Fundi akajibu polepole.

"Basi na mimi nataka wangu. Awe mkubwa kuliko wake. Na macho yake yawe makubwa kuliko ya huyo. Nataka nimwache dirishani siku nitakayohama, abaki akimkodolea mpaka mwenye nyumba amwondoe."

"Kwani huyu wa kwake ana ubaya gani?"

"Ubaya?" Bi Mwanahawa alijifunga kanga upya kiunoni, na kwetu sote pale ndani hiyo ilikuwa dalili kwamba hotuba imeanza. "Naamka, ananitazama. Nafagia, ananitazama. Nafunga vyombo vyangu nihame zangu kwa amani, ananitazama! Na amevaa korosho ileile aliyonitukania kwenye harusi ya mwanangu, kifua mbele! Mtu yumo ndani ya eda, badala ya kumwomba Mungu anatuma mwanasesere kunisimanga!"

Nilikuwa nimebana ulimi, kwa ajili ya ile ahadi. Lakini swali moja lilinitoka. "Mama, jina lake umelisoma?"

"Nitalisomaje, mwanangu? Jina liko mgongoni, na mgongo amewapa wa ndani!"

Randa ilimtoka Fundi mkononi ikaanguka chini. Nami nilitamani ardhi ipasuke. Bi Mwanahawa hakuyaona hayo, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kutuonyesha kwa mikono ukubwa wa macho anayoyataka.

Alipoondoka, Fundi akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo alitakiwa ampe mgongo?"

"Ndiyo, Fundi."

"Kwetu mlimani ukimpa mtu mgongo umemfukuza."

"Huku kwetu ukimpa mgongo ndiyo umezungumza naye."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Fundi. Ila nilikuwa nakitazama kisimamio."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta la kunitukana, na kwa mtu wa kwaya maneno hayo si mengi. Mwishowe akaokota randa, akasema twende kwa mwenye kazi.

Bi Zuhura alipoelezwa alicheka nyuma ya pazia mpaka akapaliwa. "Yaani siku zote hizi anamkodolea tu? Na vifungo vile vya koti la marehemu!" Kisha kicheko kikakatika. Sauti iliyorudi ilikuwa nyingine kabisa. "Kwa hiyo nimemtukana mara ya pili," alisema. "Na safari hii nilikuwa nimesoma."

Tukarudi karakanani. Kumgeuza tu hakukutosha, kwa kuwa ule ubao wetu mzuri ulikuwa umelifunika jina lote. Fundi aliung'oa mwenyewe. Tukachukua spoki nne, tukazifunga pamoja kwa waya, tukazipitisha kutoka chini, ndani ya mwili wa mwanasesere, katikati ya sufi, mpaka kichwani. Kanga ikaanguka vizuri, haina mkunjo wala pete. Kibao tukakirefusha upande wa nyuma kubeba yale makalio. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kisimamio ambacho kweli hakikuonekana.

Lakini nani angemsoma, na dirisha la Bi Mwanahawa limefunikwa mkeka? Fundi ndiye aliyepata njia. Chini ya kibao aliweka kibao cha pili, na katikati yao mfuniko wa kopo uliojaa gololi za baiskeli zenye grisi. Kwa hiyo mwanasesere akawa anazunguka. Tukamrudisha dirishani uso barabarani kama awali, Fundi akafunga uzi kwenye kibao cha juu, na uzi huo ukapita ukumbini hadi chini ya pazia la Bi Zuhura.

"Mama," Fundi alimwambia, "ukinisikia naimba, vuta."

"Utaimba nini?"

"Nitaimba chochote. Kuna Mchaga mwingine anayeimba mtaani kwako?"

Kisha tukampelekea habari Bi Mwanahawa kwamba mwanasesere wake anaanza kushonwa, lakini ili amzidi wa mwenzake kimo lazima aje asimamie vipimo mwenyewe. Ulikuwa ukweli wenye faida. Alikuja asubuhi waliyokuwa wakipakia vyombo. Mkokoteni ulikuwa mlangoni kwake, umeshapakiwa vitanda na masufuria, na mwanawe alikuwa akihangaika na kamba. Yeye mwenyewe alisimama katikati ya barabara, mbele ya dirisha la Bi Zuhura, ameshika ufito niliompa, jicho moja amelifumba kama fundi mwashi.

"Andika," aliniambia. "Kichwa, kinafika hapa. Wangu azidi shubiri."

"Ndiyo, mama."

"Mabega mapana. Wangu awe na mabega mapana zaidi, aonekane anakula vizuri."

Fundi, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza, akaanza kuimba.

Mwanzo hakuna kilichotokea. Niliutazama ule uzi, nikiwaza kwamba gololi zimekwama, au pazia limeunasa, au Bi Zuhura ameingiwa na woga. Fundi akapandisha sauti. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita kuelekea Mnazi Mmoja wakasimama kushangaa. Kisha mwanasesere akatikisika, akaanza kugeuka. Aligeuka polepole mno, kwa heshima zote, uso ukaondoka na vifungo vyake, likaja bega, ikaja ile kanga, na mwisho yakafika makalio yote ya Bi Zuhura yenye sufi na maneno yake, yakatulia yakielekea barabara.

Bi Mwanahawa alikuwa bado ameinua ufito. Midomo yake ilikuwa ikisoma bila sauti. Alisoma mara ya kwanza, akasogea karibu, akasoma tena huku akishika nondo za dirisha. Ufito ukamponyoka.

"Zuhura," aliita kwa sauti ya chini.

Uzi ukatikisika.

"Zuhura we! Ni wewe unayevuta?"

"Ni mimi," sauti ilijibu kutoka mbali, chumbani kabisa. "Gololi zimekuwa nzito."

Bi Mwanahawa hakupiga hodi. Alipanda baraza, akampita Fundi aliyekuwa bado anaimba, akaingia, na tulisikia pete za pazia zikikwaruza fimbo yake. Kilichofuata ni kilio cha watu wawili, na hadi leo siwezi kusema kipi kilikuwa cha nani. Mwanawe aliacha kamba akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine. Fundi akamzuia mlangoni. "Waache," akamwambia. "Wanapima." Baada ya kitambo kidogo kilio kikageuka ugomvi, sasa wakibishana nani kati yao aliichagua ile sare ya ngoma ya rangi mbaya enzi za usichana, na hapo nikajua kwamba kazi imepona.

Mkokoteni haukuondoka siku hiyo. Vitanda vilishushwa, vikalaliwa, vikapakiwa tena kesho yake. Na Bi Mwanahawa, kabla ya kuondoka, alipita karakanani kutukumbusha kwamba bado anamtaka mwanasesere wake. "Niliagiza, na ninamtaka," alisema. "Ila macho yawe ya kawaida." Tulimtengenezea, juu ya kibao cha kuzunguka, akaenda naye Buguruni. Baadaye wanawake wengi wa Kariakoo walitaka vibao vya namna ile, na sisi tukaendelea kutafuta gololi mpaka mafundi baiskeli wakawa wanatukimbia.

Nimetengeneza visimamio vingi tangu hapo, na vyote nilivifanyia jaribio moja ambalo Fundi hakunifundisha. Kabla ya kukikabidhi, nilikizunguka na kukitazama kutoka upande ambao mwanasesere amekusudiwa kutazamwa. Fanyeni hivyo na nyinyi. Inachukua muda mfupi tu, na inaokoa urafiki.

Eda ya Bi Zuhura ilipokwisha, matembezi yake ya kwanza yalikuwa ya kwenda Buguruni. Alipita njia ya karakanani makusudi. Nilikuwa sijawahi kumwona, nilimjua kwa sauti na mkono tu, na aliposimama mlangoni nikashangaa jinsi alivyo mfupi. Amejifunga kanga ya maua ya korosho, mpya, inanukia duka.

"Athumani," alisema, "nimesimama sawasawa?"

"Umesimama, mama."

"Siyumbi?"

"Huyumbi hata kidogo."

Akatabasamu. Kisha, mbele ya benchi yetu, akaanza kugeuka polepole mno, kwa heshima zote, mpaka mgongo wake ukamwelekea Fundi Anaeli. Akatulia hapo ili asomwe: lilikuwa lile jina la upole. Fundi, ambaye kwao mlimani kupewa mgongo ni kufukuzwa, aliweka randa chini, akasimama, akavua kofia.